Kila Mtu Anakushauri Tangi Lake

(Haya ndo niliyoongea Jumamosi kwenye kikao chetu cha wafugaji wa samaki wa maji chumvi hapa Dar. Wengi hamkufika na mmeniomba niandike, kwahiyo nimeandika karibu vilevile nilivyoongea, zile picha za ukutani nimeziacha.)

Habari za mchana jamani. Mliokaa kule nyuma karibu na feni naomba msogee mbele, sauti yangu leo sio nzuri na sitaki kupiga kelele.

Naanza na mtihani mdogo. Nani hapa ameambiwa aweke mchanga chini ya tangi? Nyoosha mkono. Sawa. Nani ameambiwa asiweke mchanga kabisa, aache kioo kitupu? Haya, mnaona wenyewe, mikono ni ileile. Nani kaambiwa tangi likae wiki sita liive, yaani bakteria wa kula uchafu waote, ndo aweke samaki? Na nani kaambiwa mwaga hii chupa ya bakteria, jioni weka samaki? Ileile tena. Anza na tangi dogo ujifunze. Anza na kubwa maana dogo linaua. Badilisha maji kila wiki. Usiguse maji, liache. Dada pale anacheka, lakini pale kwake maboksi yamejaa sebuleni, tangi lipo, pampu ipo, taa ipo, hajatia hata tone la maji kwa sababu kila akitaka kuanza anatokea mtu mwingine anamwambia subiri kwanza, nani kakwambia hivyo?

Ndo nataka tuliongelee hilo leo. Mtu mpya afanyeje akiwa na washauri kumi na wote wanapingana, na mbaya zaidi wote wanaonekana wanajua wanachosema? Ingekuwa rahisi kama nusu yao wangekuwa waongo. Lakini mi hawa watu nakaa nao, matangi yao nayaona, na nawaambia wengi sio waongo hata kidogo. Huyu tangi lake linang'aa, matumbawe yamechanua, samaki wake yule kangaja kanenepa. Anakwambia alichofanya. Mwenzake mtaa wa pili kafanya kinyume chake kila kitu, na lake nalo linang'aa. Sasa inakuwaje?

Inakuwaje ni kwamba kila mtu anakushauri tangi lake. Hakushauri la kwako, la kwako hajaliona. Anakwambia kilichofaa kwenye nyumba yake, kwa maji yake, kwa joto la kwake, kwa mwaka alioanza yeye. Mkitoka hapa na hilo tu mi nimeridhika, lakini kwa kuwa mmekuja toka mbali acha nilifafanue.

Ushauri una kwao. Kuna kijana mmoja wa Tabata, simtaji, alikesha na video za Wamarekani na Wajerumani mpaka akawa na orodha ndefu kama ya harusi. Namba moja kwenye orodha, hita. Na sio moja, mbili, maana kule wanasema ikifa moja nyingine inashika. Na ni kweli! Mtu anaishi Minnesota, nje barafu mpaka magotini, hita ikizima usiku asubuhi anaokota samaki. Kijana wetu akaagiza hita zake mbili, pesa sio ndogo, zikafika mwezi wa pili. Mwezi wa pili, Tabata, nyumba ya bati haina siling bodi. Akatia maji, akatumbukiza kipimajoto kabla hajachomeka chochote, kinasoma 31.

Hapo hita ya nini? Samaki wengi wa miamba na matumbawe yao tunawaweka kati ya nyuzi 24 na 27, wanavumilia juu kidogo ya hapo, lakini maji yakizidi joto yanabeba oksijeni kidogo, alafu samaki mwenyewe kwenye joto anahitaji oksijeni zaidi, kwahiyo anabanwa pande zote mbili. Kilichokuwa kinatakiwa pale ni feni ndogo ya mezani ipulize juu ya maji. Ile inashusha nyuzi mbili tatu kwa uvukizi tu, ingawa siku za unyevunyevu mwingi inashindwa. Mwenye uwezo anunue chila, ile mashine ya kupoza maji, na akubaliane na bili ya umeme.

Je, yule wa Minnesota alimdanganya? Hakumdanganya. Na utamu wa hadithi ni kwamba kijana ana kaka yake Nairobi, naye anafuga, zile hita zikapanda basi zikaenda kwa kaka mtu, na mwezi wa saba kule Nairobi kaka akazipokea kama dhahabu. Hita zilezile, ushauri uleule, watoto wa mama mmoja. Mmoja angechemsha samaki, mwingine zimemwokolea.

Tukiwa hapohapo kwenye kwao, tuongee maji, maana hili ndo linatugombanisha kuliko yote na ntakaa hapa kidogo. Vitabu vya nje vingi vinasema usichote maji ya bahari, yana uchafu, yana vimelea, nunua chumvi ya ndoo ukoroge na maji safi ya RO, yale ya mashine ya kuchuja. Sasa mtu anaishi katikati ya bara, bahari kwake ni safari ya siku mbili kwa gari, atasema nini kingine? Sisi bahari ipo, unaisikia ukiwa kitandani. Na chumvi ya ndoo hapa bei yake mnaijua. Kwahiyo nusu yetu tunasema chota tu, bure, ndo maji waliyozaliwa nayo hao samaki. Nusu nyingine inasema mi nilichota, samaki wote wakafa, usithubutu.

Wote wana haki. Nawaambia kwa nini. Kuna jamaa alikuwa anachota maji pale karibu na Daraja la Selander, mwezi wa nne, masika imekolea, ana madumu yake sita. Akapita mzee mmoja mvuvi, watu wa Kunduchi wanamfahamu. Jamaa akamwamkia, shikamoo mzee, mzee akaitika marahaba alafu akasimama anamwangalia. Akamuuliza, mwanangu hayo maji unapeleka wapi? Ya samaki mzee, nafuga samaki wa baharini. Mzee akacheka. Akamwambia hayo ni ya mto Msimbazi hayo, ya bahari yapo kule nje. Jamaa akabisha, akaonja, mbona yana chumvi. Mzee akamwambia na machozi yana chumvi, kafugie samaki.

Alipofika nyumbani akapima na refraktomita, kile kipimo cha chumvi, inasoma 24 kwa elfu. Maji ya bahari yetu yanatakiwa kuwa kama 35, yaani gramu 35 za chumvi kwenye kila kilo ya maji, kwa wale wa haidromita, kile kipimo cha kuelea, ni kama 1.026 kwenye nyuzi 25. Amekosa karibu theluthi ya chumvi, na hapo hatujasema mto ule umepita wapi na umebeba nini.

Kesho yake akarudi kwa mzee kwa adabu zote na mzee akamfundisha. Masika acha kabisa, na mvua kubwa yoyote ikinyesha subiri ipite siku kadhaa. Kaa mbali na midomo ya mito, mbali na bandari na feri, mafuta ya meli hayaonekani yote. Nenda siku za bamvua, mwezi mpevu au mwezi mwandamo, maji yanakuja kwa nguvu kutoka nje, uchote yakikaribia kujaa. Yakianza kutoa usichote, hayo yanatoka ufukweni yanarudi na taka zetu zote. Na ukipata mtu wa ngalawa akutolee nje ndo bora zaidi, mpe madumu yako na hela ya soda.

Sasa mnaona? Yule aliyesema chota tu alikuwa na shemeji yake mwenye boti. Yule aliyesema usithubutu alichota Aprili mdomoni mwa mto. Hawakuwahi kuulizana. Wamegombana miaka, kumbe kila mmoja anaongelea maji mengine!

Na hata ukishachota ugomvi hauishi, kuna wanaosema tumia siku ileile, kuna wanaosema yafunge gizani kwanza. Hapo pia kila upande una sababu. Yakitumika siku ileile vijidudu vidogo vya baharini vilivyomo bado vizima na vingine vinakuwa chakula cha matumbawe, lakini unaweza kubeba na vimelea. Yakikaa gizani vile vijidudu vinakufa vinaoza, maji yanaharibika kwanza kabla hayajatulia, kwahiyo ukiyatumia katikati hapo ndo umepata ubaya wa pande zote mbili. Chagua moja ulifanye mpaka mwisho wake. Mi nayachuja kwa kitambaa kizito, nafunga, nawasha pampu ya hewa, yanakaa wiki kadhaa, na kabla ya kutumia napima.

Haya, la pili. Ushauri una umri. Wazee wa shughuli hii duniani wamebadilisha mawazo mara nyingi sana, na kila walipobadilisha waliacha nyuma watu wanaoendelea na yale ya zamani, na yanawafaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kuna bwana mmoja wa Indonesia, Lee Chin Eng, alikuwa anafuga kwa mawe hai, mawe ya miamba yenye bakteria na vijidudu vyake, kutoka baharini na viputo vya hewa, vyombo karibu hana. Baadaye dunia ikahamia kwenye filta za chini ya changarawe, kila tangi likawa na bamba la plastiki chini linavuta maji. Wajerumani wakaja na mtindo ule wanaouita wa Berlin, mawe hai mengi na skima yenye nguvu, ile inayotoa uchafu kwa povu. Jean Jaubert kule Monaco akaweka mchanga mnene juu ya nafasi tupu ya maji. Kisha Wamarekani wakapenda mchanga mnene wa sentimita kumi, kumi na tano. Kisha wakauchukia, wakaanza kuweka kioo kitupu, wakataka maji yasiwe na nitrati wala fosfeti, yale mabaki ya chakula na kinyesi kwenye maji, hata chembe, wengine wanamwaga vodka kwenye tangi, sitanii, vodka hiihii, ili bakteria wapate kaboni wale ile nitrati. Wakafika sifuri. Wakashangaa matumbawe yanapauka na tangi linaota ute wa kahawia wenye viputo, kumbe vijidudu vya ute ule vinapenda maji masikini. Leo hii mtu yuleyule anakwambia nunua nitrati ya chupa uongeze.

Kwahiyo ukiwauliza watu wanne unaweza ukawa umeuliza miongo minne. Na nasema tena, kila mtindo katika hiyo ulikuwa unafanya kazi. Ulikuwa unafanya kazi mzima mzima.

Kinachoua ni kuchanganya. Kuna binti mmoja mwanafunzi, mwerevu sana, aliandika ushauri wote kwenye daftari akaamua awe mwadilifu, achukue kidogo kwa kila mtu asimkosee mtu adabu. Kwa mmoja akachukua mchanga mnene. Mchanga mnene maana yake nini? Kule chini hakuna oksijeni, ndo makusudi yake, kuna bakteria kule wanabadilisha nitrati kuwa gesi inayotoka. Sharti lake moja kubwa, usiuvuruge. Kwa mwingine mwenye mchanga mwembamba wa sentimita mbili akachukua tabia ya kunyonya mchanga kwa mpira kila Jumapili. Ule mwembamba unatakiwa usafishwe, usiposafisha unajaza kinyesi na mabaki ya chakula. Mmeshajua kilichotokea. Miezi kadhaa mchanga umekaa, umeiva vizuri, Jumapili moja akachomeka mpira mpaka chini. Ikatoka harufu ya yai viza nyumba nzima. Hiyo ni haidrojeni salfaidi, ni sumu, na kwa samaki haihitaji kuwa nyingi. Jioni hiyo akapoteza karibu wote.

Alipokuja kwangu alikuwa analia, ananiuliza, anko, nani alinidanganya? Hakuna aliyemdanganya. Mwenye mchanga mnene yuko sahihi. Mwenye mpira yuko sahihi. Wahenga walishasema manahodha wengi chombo huenda mrama, na hawakusema manahodha wabaya, wamesema wengi tu.

Kwahiyo tafuta mtu mmoja. Mmoja ambaye tangi lake umeliona kwa macho, linafanana na unalolitaka, linaishi kwenye mazingira kama yako, na limekaa muda. Mfuate huyo mzima mzima mwaka wa kwanza, hata kwenye yale usiyoyaelewa, hata mimi nikikwambia vingine. Ukishaelewa kwa nini anafanya anavyofanya, hapo utaanza kubadilisha kitu kimoja, usubiri, uone, uandike kwenye daftari, ndo ubadilishe kingine. Ukibadilisha vitatu wiki moja, tangi likipona hujui kipi kimeponya, na likifa hujui kipi kimeua.

Sasa nafika pale ambapo watu wananikasirikia. Dawa.

Vidoa vyeupe, nani hajawahi kuviona? Samaki anaonekana kama kamwagiwa chumvi ya mezani. Ni kimelea, kinaitwa Cryptocaryon irritans, na kangaja ndo mteja wake mkubwa. Nawapa kesi nne. Wa Mbezi aliviona, akachanganya kitunguu saumu kwenye chakula, siku ya tano vimeisha. Wa Ilala akapandisha joto, siku ya tano vimeisha. Wa Kigamboni akanunua kamba msafishaji, wale wekundu wenye mstari mweupe mgongoni, siku ya tano vimeisha. Wote watatu wanaapa. Wote watatu wameshauri watu wengine. Na wa nne alikuwa safarini Tanga, mdogo wake ndo analisha samaki, hakufanya chochote, hakujua hata kama wanaumwa. Siku ya tano vimeisha.

Mnacheka, lakini hapo ndo penye siri ya ugomvi wote wa dawa. Kile kimelea hakikai juu ya samaki muda wote. Kinakula kwenye ngozi na matamvua siku tatu mpaka saba hivi, kikishiba kinaanguka chenyewe, kinajificha kwenye mchanga na mawe, kinajigawa ndani ya kifuko chake, alafu vinatoka vichanga wengi sana wanatafuta samaki. Kwahiyo vidoa vitapotea tu, ufanye nini usifanye nini, na chochote ulichokuwa unafanya siku hiyo ndo kinapewa sifa. Ungekuwa unapiga zumari zingesifiwa zumari! Baadaye wanarudi kwa wingi, na safari hii wanaingia kwenye matamvua usikoona, na mtu anasema nashangaa kafa wakati alishapona.

Kinachofahamika kufanya kazi ni kichache na hakina raha. Unamtoa samaki unamweka kwenye tangi la pembeni, tupu, unampa dawa ya shaba kwa kipimo unachokipima kweli, au unashusha chumvi mpaka 1.009 kwa wiki kadhaa chini ya uangalizi. Na tangi kubwa linakaa bila samaki hata mmoja ili vichanga wakitoka wakose pa kula wafe. Namba inayotajwa zaidi ni siku 76, kwa sababu kuna vifuko vilivyowahi kukaa siku 72 ndo vikapasuka. Ndefu? Ndefu. Kuna wafugaji wazoefu wanaosema mi siwezi hayo, nawalisha vizuri, nawapa nafasi, samaki wenye nguvu wanaishi na kimelea. Sisemi wanakosea, matangi yao makubwa, samaki wao wamekaa miaka. Nasema mtu mpya mwenye tangi la lita mia na kangaja wa bluu aliyetoka kuvuliwa juzi, hiyo njia sio yake.

Na hapo kwenye shaba naingia la mwisho, maana kuna mambo hayana maoni. Baada ya kuwaambia kila mtu yuko sahihi msije mkatoka hapa mkidhani kila kitu ni sawa tu. Shaba kwenye tangi lenye kamba, konokono au matumbawe inaua, hapo hakuna shule mbili. Amonia, ile sumu ya kinyesi na chakula kinachooza, inaua, na kwenye maji chumvi inaua haraka kuliko kwa yule mjomba wako mfuga sato, kwa sababu maji yetu yana pH ya 8 na kitu, na pH ikipanda sehemu kubwa zaidi ya amonia inageuka ile yenye sumu. Nitriti, ile amonia inayogeuka ikishaliwa na bakteria, ndo kinyume, yeye kwenye maji baridi, yasiyo na chumvi, inamuua samaki kweli, kwetu kloraidi iliyomo kwenye maji ya bahari inaizuia kuingia kwenye matamvua, kwahiyo mjomba anakutisha pasipo na hofu na anakutuliza penye hatari. Mpende mjomba, ila hapo usimsikilize.

Na kujazia maji. Jamani, kujazia maji! Kuna mama mmoja, mtu mzima, namheshimu sana, alikuwa akiona maji yamepungua anajazia ya bahari, na sababu yake ilikuwa nzuri ukiisikia, samaki wa bahari anataka maji ya bahari. Ila nyie mmepita Bagamoyo mkaona mashamba ya chumvi. Jua linachukua nini pale? Linachukua maji, chumvi inabaki. Tangi lako ndo hilohilo. Tufanye hesabu pamoja. Tangi la lita 200, una feni juu, linapoteza lita nne kwa siku. Unajazia lita nne za bahari, kila lita ina gramu 35 hivi. Hizo ni gramu 140 kila siku. Mwezi mmoja ni kilo nne na gramu mia mbili za chumvi umemwaga kwenye lita 200. Umetoka 35 umefika 56. Hakuna samaki wa miamba wa kuvumilia hiyo. Kilichoondoka ni maji baridi, rudisha maji baridi, yasiyo na klorini, na ya kisima cha Dar yapime kwanza maana mengi yana chumvi yake. Maji ya bahari ni ya kubadilishia, ukitoa ndoo ya maji ya tangi unarudisha ndoo ya bahari. Basi.

Sasa utajuaje kipi ni maoni na kipi hakina maoni? Angalia kama kinapimika. Chumvi inapimika, amonia inapimika, joto linapimika, shaba inapimika. Ukiwa na kipimo mezani mabishano yanakuwa mafupi sana. Ndo maana mi mtu mpya akiniuliza anunue nini kwanza, skima gani, taa gani, namwambia refraktomita na testi kiti ya amonia, hivyo vingine tutaongea.

Na kwenye yale yasiyopimika, muulize mshauri wako. Muulize kwa heshima, lakini muulize. Tangi lako lita ngapi? Lina muda gani? Ni la samaki tu au lina matumbawe? Maji unatoa wapi? Umeme ukikatika usiku unafanyaje? Hili la umeme linawachuja watu haraka sana, mwenye tangi kweli atakuonyesha pampu yake ya betri, asiye nalo ataanza kuangalia pembeni. Na je, anachokushauri ununue ni yeye anakiuza? Muuzaji sio adui, wengine ndo wanajua kuliko sisi wote, na zile chupa za bakteria zipo zinazosaidia kweli. Lakini usiichukue ahadi, weka tone la amonia, pima kesho na keshokutwa, ikiwa inashuka mpaka sifuri bila samaki ndani basi chupa yake ni nzuri na umpongeze. Ikikaa palepale, subiri wiki zako.

Kulikuwa na swali toka kwa kaka wa shati la bluu kabla sijaanza, akauliza mawe hai si yapo tu kisiwani Mbudya, kwa nini tununue. Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu ya bahari kaka, kuchukua mawe au matumbawe pale ni kuvunja sheria, na matumbawe magumu yamo pia kwenye mkataba wa CITES wa biashara ya viumbe, kwahiyo usidhani ukiyatoa nje ya nchi mpakani hawaulizi. Nunua mawe makavu, tia kwenye maji ya chumvi, na omba kipande kimoja cha jiwe kutoka kwenye tangi la mwenzako hapa, bakteria watahamia wenyewe. Mi ninavyo vipande vya kugawa, ila viko nyumbani, nipigieni kwanza.

Mwingine akauliza samaki wa kwanza awe nani. Klauni, yule mdogo wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe, aliyezalishwa kwenye tangi ukimpata, na hahitaji anemoni, yule mnyama wa minyiri anayejificha ndani yake baharini, hilo msidanganyane, anaishi vizuri tu bila. Anemoni isubiri tangi likomae.

Haya, mliokuja na chupa za maji zileteni hapa mezani, andikeni jina na mtaa mlikochota. Refraktomita nimeshairekebisha kwa maji ya 35. Waliochota Selander tutaanza nao.